Shirika Namba Kumi na Saba

Nairobi
14 Januari 2024

Mjomba mpendwa,

Mmeshindaje Khayega? Mimi ni mzima, kile kikohozi cha Krismasi kimeisha. Mama alifika Lugari salama na anasema ghala limejaa mahindi, kilio chake sasa ni panya tu. Mwambie Anti Pascalia kwamba ile ingokho, kuku mzima aliyenifungia, ilifika Nairobi, lakini sikuila mimi. Wenzangu ofisini waliimaliza kabla sijaketi, na wameniambia nikienda nyumbani tena nisirudi mikono mitupu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu unaisikia nusu, na jambo hili sitaki ulisikie nusu. Nimepewa kazi yako.

Nimekuwa nayo tangu Oktoba. Tulikaa pamoja siku nne za Krismasi na sikukuambia. Kila nilipotaka kufungua mdomo niliogopa uso wako ungekuwaje. Bwana Kibiwott, mkuu wa kitengo chetu, aliniwekea mafaili mezani akasema, "Utafiti wa mashirika ya ndege ya nje. Mjomba wako ndiye aliyeujenga. Tuone kama iko kwenye damu."

Mama ameniuliza kazi yenyewe ni ya kufanya nini. Nikamwambia kwamba kuna mashirika ishirini na matatu ya nchi za nje ambayo ndege zao hushuka hapa kwetu, na kila robo mwaka tunayapelekea fomu. Tunataka kujua mambo mawili: wameuza tiketi na kusafirisha mizigo ya kiasi gani humu nchini, na wametumia kiasi gani humu humu, kwa mafuta, ada za kutua, hoteli za marubani, mishahara na chakula cha abiria. Walichouza kinaenda kwao, walichotumia kinabaki kwetu. Bila kujua yote mawili, serikali haiwezi kusema usafiri wa anga unatuachia nini. Mama akasema, "Basi wewe ni karani wa geti." Nikakubali.

Sasa shida yangu. Nimepeleka fomu ishirini na tatu, zimerudi kumi na nne. Halafu nafungua majedwali yako, na tangu 2011 mpaka ulipostaafu 2018 hakuna hata nafasi moja iliyo wazi. Kila shirika limejibu, kila robo mwaka. Bwana Kibiwott ameyabandika ukutani mbele yangu.

Ulifanyaje, Mjomba? Niambie hata kama ni siri ya kazi. Nitaitunza.

Mpwa wako,
Abigail

---

Khayega
20 Februari 2024

Kwa Abigail,

Barua yako ya tarehe 14 mwezi uliopita imepokelewa. Nimechelewa kujibu kwa sababu fahali wa jirani, yule wa kupiganishwa, alivunja ua wetu akala mboga zote za Anti yako, na kwa wiki mbili nilikuwa nikipasua miti badala ya kushika kalamu. Sote ni wazima. Sikio la kushoto sasa limekwisha kabisa. La kulia linafanya kazi ya yote mawili.

Hongera kwa kazi. Sikujua kwamba siku hizi inapewa watoto. Usichukie, ni neno tu. Mimi niliipata nikiwa na miaka thelathini na nane, baada ya kuhesabu miwa, ng'ombe na magunia ya mbolea katika wilaya nne.

Umeuliza nilifanyaje. Niliheshimika. Nilikwenda kwa miguu mpaka kwenye ofisi zao, nimevaa tai, fomu iko kwenye bahasha ya serikali, nikaketi mapokezi mpaka nikaonwa. Siku moja niliketi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, na meneja alipotoka kwenda nyumbani alinikuta mlangoni. Aliijaza fomu akiwa amesimama. Ninyi mnatuma barua pepe halafu mnashangaa.

Pia usikubali mtu akupe jumla. Mtu akikupa jumla amekuficha. Taka mafuta peke yake, hoteli peke yake, mishahara ya Wakenya mbali na ya wageni wao. Na tiketi: muulize kuhusu aliyeuziwa hapa, si aliyepanda hapa. Mtalii aliyenunua kwao akaja kutazama nyani wetu huku msitu wa Isecheno hahusiki na safu ya mauzo.

Mama yako alipiga simu Jumapili kunipa habari ya kazi yako mpya. Aliirudia mara tatu. Nilimsikia vizuri mara ya kwanza.

Wako,
Sylvanus Muchesia

---

Nairobi
2 Mei 2024

Mjomba,

Poleni kwa mboga. Natumaini Anti amekwisha kupanda nyingine, na kwamba mvua hizi hazikuchukua daraja lile la kwenda Lubao, maana nimesikia habari mbaya redioni. Mimi sijambo. Nimehamia nyumba yenye dirisha.

Nilivaa koti nikaenda kwa miguu kama ulivyosema. Asante, kwa sababu lilileta fomu nne. Sasa nina kumi na nane. Lakini niligundua kitu mapokezi. Hawa mameneja wengine hawafichi, hawajui. Zamani tiketi iliuzwa na ofisi yao au wakala hapa mjini. Leo mtu wa Kakamega ananunua kwa simu akiwa kitandani, na pesa zinakwenda moja kwa moja ng'ambo bila kupita ofisi ya Nairobi. Fomu yetu haizioni kabisa.

Kwa hivyo nimeanza njia mbili za ziada. Upande wa matumizi, nawauliza waliolipwa badala ya aliyelipa: wauza mafuta, uwanja wa ndege, wapishi wa chakula cha ndegeni, hoteli. Nikiweka majibu yao kando ya fomu, naona palipopunguzwa. Upande wa mauzo, tumesimama siku kumi kwenye mlango wa kuondokea tukamuuliza kila abiria wa ishirini: unaishi wapi, tiketi ulinunua wapi, ulilipa ngapi. Abiria sita kati ya kumi walio wakazi wa hapa walikuwa wamenunua mtandaoni.

Bwana Kibiwott amefurahi. Mwezi wa kumi na moja kuna mkutano Arusha wa maofisa wa takwimu wa nchi jirani, na ameniambia nikaeleze njia hii. Sijalala vizuri tangu aniambie.

Lakini bado ananiuliza mbona sina ishirini na tatu. Nitakwambia ukweli, Mjomba, nakuonea wivu. Naingia asubuhi naona majedwali yako ukutani, safi kama shuka ya hospitali, nahisi kuyachana.

Kuna shirika moja hasa linaloniumiza kichwa. Jina sheria hainiruhusu kuliandika, ila namba yake unaijua: kumi na saba. Fomu zangu tatu hazijajibiwa hata kwa neno. Wewe hawakuwahi kukunyima. Ulikuwa ukizungumza na nani pale?

Abigail

---

Khayega
30 Juni 2024

Kwa Abigail,

Daraja la Lubao limesimama, redio ilitia chumvi. Anti Pascalia anakusalimu. Amepanda mboga upya na sasa anamtazama yule fahali kama mtu anayesubiri kesi. Mahindi yamefika kifuani. Kanisani tumepata padri mpya, kijana, anahubiri haraka na watu wanampenda.

Kwanza, Arusha. Hongera. Mwaka 2007 jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kwenda Addis Ababa kwa mkutano wa aina hiyo hiyo. Nilishona suti kwa fundi wa pale sokoni Khayega, ya kijivu. Zikiwa zimebaki siku nne, jina likatolewa, likaingizwa la mtu ambaye hakujua tofauti ya tiketi na hati ya mzigo. Mwaka 2015 likatolewa tena. Safari hiyo sikushona kitu. Wewe una miezi minane tu kwenye kazi hiyo. Natumaini wametengeneza barabara siku hizi, ya kwetu ilikuwa na mashimo.

Pili, hizo njia zako. Hoteli itakupa idadi ya vyumba, haitakuambia nani alilala. Abiria anayekimbilia ndege atakutajia bei yoyote ili umwachie njia. Na siku kumi si mwaka. Wanaokwenda Desemba si wanaokwenda Aprili. Nasema hivi kwa faida yako. Huko Arusha watakuuliza.

Tatu, namba kumi na saba. Nilizungumza na watu waliokuwepo wakati ule. Wengi wamekwisha kuondoka. Sioni faida ya kuchimba mambo ya miaka ile. Una mashirika mengine manne ambayo hayajajibu, shughulika nayo.

Wako,
Sylvanus Muchesia

---

Nairobi
19 Julai 2024

Mjomba,

Salamu kwenu nyote. Mama alianguka akiteleza kwenye tope huko Lugari, mkono umetenguka, lakini amefungwa vizuri na tayari anagombana na wafanyakazi kwa mkono uliobaki. Usihangaike.

Nilikwenda namba kumi na saba.

Nilifanya kama ulivyonifundisha, nikaketi mapokezi. Siku ya pili mhasibu wao, Bwana Osundwa, akanihurumia. Ni mtu wa Mumias, aliposikia lafudhi yangu akacheka, akaagiza chai. Nikamwambia ofisi yenu ilikuwa ikijibu kila robo mwaka hadi 2018, kwa nini mmeacha? Akanitazama. Akaenda kwenye kabati akarudi na faili la kijani.

"Dada," akasema, "mimi niko hapa tangu 2009. Fomu ya mwisho tuliyowapelekea ni hii."

Ilikuwa ya Desemba 2010. Baada yake kuna barua zako za kukumbusha, nane, zote nina nakala zake sasa. Ya mwisho ni ya Machi 2012. Baada ya hapo hakuna hata barua. Makao yao makuu yaliwakataza kutoa hesabu kwa mtu yeyote, akaniambia, na nadhani ulichoka kuuliza.

Lakini kwenye jedwali lako, Mjomba, namba kumi na saba ina mauzo na matumizi kwa kila robo mwaka. Robo thelathini na mbili, mpaka mafuta, mpaka hoteli. Hakuna alama ya makadirio hata mahali pamoja.

Zilitoka wapi?

Sijamwambia mtu. Na lazima ujue jambo hili pia. Wiki iliyopita Bwana Kibiwott aliniita. Amesema fomu zote zisiporudi kufikia mwisho wa Septemba, kazi atampa mtu "anayeweza kufuatilia", nami nitahamishiwa kwenye kumbukumbu, chini, pale pasipo na dirisha. Arusha itakuwa imekwisha. Alinyoosha kidole ukutani akasema, "Mzee mmoja, bila kompyuta, alizipata zote."

Nasubiri neno lako.

Abigail

---

Khayega
11 Agosti 2024

Kwa Abigail,

Barua yako ya Julai imefika. Pole kwa mkono wa Mama. Nilikwenda Lugari kumwona, nikamkuta juu ya trekta la jirani akitoa amri. Mahindi yetu tumeanza kuvuna, ni mazuri. Jua limekuwa kali kwa wiki moja, jambo la ajabu kwa Agosti.

Bwana Kibiwott alipiga simu hapa juzi. Anti Pascalia ndiye aliyepokea, akawa ananirudishia maneno kwa kelele kwenye sikio zima, mpaka watu wa barabarani wakasimama. Ameomba nirudi ofisini kwa miezi mitatu, kwa mkataba, nikusanye fomu zilizobaki. Amesema ofisi haijapata mtu kama mimi.

Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri, nami nimekubali. Nitakuja katikati ya Septemba.

Sylvanus Muchesia

---

Nairobi
20 Agosti 2024

Mjomba,

Njoo. Nitakufutia kiti.

Sina salamu ndefu leo. Nilikuuliza swali moja na umenijibu kwa mahindi. Nimeisoma karatasi yako mbele na nyuma nikitafuta neno moja tu kuhusu namba kumi na saba.

Basi nitakuambia nilichopata mwenyewe. Bwana Osundwa alinionyesha ratiba zao za zamani, ambazo si siri. Hadi 2012 walikuwa wakishuka hapa kila siku kwa ndege kubwa. Mwaka 2013 wakapunguza, mara tatu kwa wiki, ndege ndogo. Wewe mwaka huo uliwaongezea mauzo. Mwaka uliofuata ukawaongezea tena. Nimechukua viti walivyokuwa navyo, nikavijaza vyote kana kwamba hakuna hata kimoja kilichobaki kitupu, nikazidisha kwa nauli ya juu kabisa. Bado sikufikia nusu ya ulichoandika 2017. Mjomba, uliandika abiria wasiokuwa na viti.

Hesabu hizo zimechapishwa. Watu wamekaa mezani kujadili vibali vya kutua wakiwa nazo mkononi.

Na sasa unakuja kukusanya fomu, na namba kumi na saba haitakupa, na utafanya nini? Utaijaza tena?

Ningeweza kwenda kwa Bwana Kibiwott leo na faili la kijani. Ni vyumba viwili tu kutoka hapa. Nimesimama mara mbili nikaketi. Wewe ndiye uliyenilipia karo ya Kidato cha Tatu na cha Nne baba alipofariki. Wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya kwa punje za mahindi. Siwezi. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ulijua siwezi, ukakubali ule mkataba.

Abigail

---

Khayega
8 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Barua hii nimeiandika mara nne. Ile ya kwanza ilianza na mvua. Anti Pascalia aliichukua mezani akaisoma, akaichana.

Tulikuwa tumeketi nje baada ya ibada. Nilikuwa nikiipiga pasi ile suti ya kijivu, maana bado inanitosha. Akaja na barua zako zote mkononi. Sikujua kwamba anazisoma.

"Mzee," akasema, "huyu mtoto anakuuliza kitu kimoja tangu mwezi wa saba. Wewe unamwandikianga mvua. Unamwandikianga padri. Hicho kimoja je?"

Nikamwambia mambo ya ofisi hayaelewi.

"Ya ofisi siyaelewi," akasema. "Ya wivu nayaelewa. Unamwonea wivu mtoto wa dada yako mpaka unataka kumtoa kwenye kiti. Na yeye alikula kwa sahani hii yetu."

Nikaiweka pasi chini. Nilikuwa nimeunguza suruali.

Sasa nakujibu. Zilitoka kichwani mwangu.

Robo ya kwanza ya 2011 fomu zote zilirudi isipokuwa hiyo. Mkuu wa wakati ule alikuwa amenisifu mbele ya watu kwa robo iliyotangulia, mara yangu ya kwanza kusifiwa katika miaka kumi na nane. Nilijua safari zao, nilijua nauli, nikapiga hesabu. Haikuwa hesabu mbaya. Nilikusudia kuweka alama ya makadirio. Nikaona nikiiweka, mkutanoni watauliza, na zile sifa zitakwisha. Nikasema nitaiweka robo ijayo, fomu ikikataa tena. Robo ijayo nilikuwa nimekwisha kuwa mtu asiyekosa fomu. Baadaye niliacha hata kutazama ratiba zao. Niliongeza kidogo kila mara, kama mtu anayeongeza maji kwenye sufuria. Habari ya zile ndege ndogo nimeipata kwako.

Miaka yote hii nilijiambia makadirio yangu yalikuwa sawa na ukweli, kwa vile yametoka kwa mtu anayejua. Mwezi uliopita waongoza watalii wa Isecheno waliniomba niwakadirie wageni wao wa mwaka jana, kwa kuwa daftari lao lilinyeshewa. Niliketi kwa ustadi wangu wote nikawapa elfu mbili na mia nne. Wiki hii wamepata nakala za risiti kituoni. Ni elfu moja na themanini. Na unajua nilifanya nini, Abigail? Nilikasirika. Nilitaka kubishana na risiti.

Ulipoandika Januari, ningeweza kukutoa kwenye taabu hiyo kwa sentensi moja. Nilikuwa nayo. Kila mwezi nilikuwa nayo. Lakini Mama yako alipiga simu kukusifu, na wewe ukaja na habari za kusimama mlangoni na abiria, jambo ambalo mimi nililiomba 2009 nikakataliwa gari, na halafu Arusha. Nilipenda kusikia kwamba umekosa fomu tano. Nimeandika hivyo ili usidhani nimesahau kitu au nimezeeka. Nilipenda.

Nitakuja Jumanne tarehe 17. Sitachukua ule mkataba. Nimemwandikia Bwana Kibiwott kwamba nina jambo la kueleza kitengo kizima, na wewe uwepo. Usimwambie lolote kabla yangu. Hilo nakuomba.

Mjomba wako,
Sylvanus

---

Nairobi
6 Oktoba 2024

Mjomba,

Umefika salama? Anti alituma ujumbe kwamba basi lilichelewa na miguu yako ilivimba. Iweke juu ya kiti, usijifanye kijana. Mama amefunguliwa bandeji.

Siku ile ofisini uliketi na sikio bovu upande wa Bwana Kibiwott, kwa hivyo najua hukusikia. Nitakuandikia.

Uliposema, "Namba kumi na saba kuanzia 2011 ni yangu, si yao," aliweka kalamu chini. Ulipotoa ile karatasi yako yenye robo zote thelathini na mbili, alisema polepole, bila kumtazama mtu: "Nimemsumbua huyu msichana mwaka mzima kwa fomu ambazo hazikuwepo." Kisha akauliza, "Mzee, kwa nini hukuweka alama? Ilikuwa herufi moja tu." Hilo wewe hukulijibu, tukadhani umekataa. Sasa nimewaambia hukusikia.

Ulipokuwa chooni aliinuka akayatoa majedwali ukutani mwenyewe. Hakuniita nimsaidie.

Yaliyofuata ni haya. Miaka hiyo minane itasahihishwa, namba kumi na saba itakadiriwa upya kwa ratiba na kwa majibu ya waliolipwa, na itawekewa alama. Mimi nabaki. Fomu zangu ni kumi na tisa, na sasa kumi na tisa ni kumi na tisa. Lakini Arusha siendi. Mkurugenzi amesema hatuwezi kwenda kuwafundisha majirani huku sisi wenyewe tunajisahihisha. Labda mwaka kesho, labda mtu mwingine. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Na kuna hili. Uliposimama pale na suruali iliyoungua, mimi nilifurahi. Si kwa sababu umesema kweli. Nilifurahi kwa sababu umekosea. Tangu Darasa la Tatu Mama alikuwa akiniambia, "Mjomba wako hakosi hesabu." Nimekuwa nikikimbizana na wewe tangu sijui kuandika vizuri. Nilikufikisha kituo cha basi, nikakununulia chai na mandazi, ukaniuliza mbona nimenyamaza. Ndiyo hiyo.

Nimeambatisha rasimu ya maelezo yatakayokaa chini ya jedwali. Wewe ndiye unayeijua miaka ile. Nisahihishie.

Abigail

---

Khayega
24 Novemba 2024

Mpwa wangu Abigail,

Miguu imepungua uvimbe. Anti Pascalia anasema ukija Krismasi usijali kubeba unga, uje na redio, yetu imekufa. Yule fahali ameuzwa Lubao na mtaa mzima umepumua, isipokuwa watoto wa shule waliokuwa wakimpenda.

Samahani kwa Arusha. Sitaandika zaidi kwa sababu kila neno ninaloongeza linaonekana kama najitetea. Uliposema ulifurahi, nilisoma mara mbili, kisha nikampa Anti yako asome. Akasema, "Sasa mmekuwa sawa." Sidhani kama ni kweli, ila nilicheka.

Nilikaa nayo rasimu wiki tatu. Umeandika vizuri kuliko nilivyoandika mimi katika umri wowote. Hili neno limenichukua muda kuliandika, kwa hiyo usilipuuze. Hapo unapoeleza sampuli ya abiria, ongeza kwamba mliwauliza mwezi gani. Aprili si Desemba, hilo bado nalishikilia. Na mwakani simameni mara nne, kila robo mara moja. Wakikunyima gari kama walivyoninyima mimi, niandikie. Nitakuja kusimama mlangoni mwenyewe na karatasi. Abiria wakijibu kwa sauti kubwa nitawasikia.

Aya ya mwisho nimeibadilisha. Uliandika: "Kwa sababu za kiufundi, takwimu za shirika moja kati ya 2011 na 2018 zimerekebishwa." Hapakuwa na sababu za kiufundi. Nimeandika hivi, kwa mkono wangu, uwapelekee:

"Kati ya mwaka 2011 na 2018 shirika namba 17 halikujibu. Takwimu zilizochapishwa kwa shirika hilo katika miaka hiyo zilikuwa makadirio ya afisa mmoja, hazikuwekewa alama, na zilizidi ukweli kwa kiasi kikubwa. Zimeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na makadirio mapya, ambayo yamewekewa alama."

Nina ombi. Nilifanya kazi ya takwimu miaka ishirini na sita, na katika vitabu vyote vilivyochapwa jina langu halikutokea hata mara moja. Hapo nilipoandika "afisa mmoja", waulize kama sheria inaruhusu kuandika Sylvanus Muchesia. Kama hairuhusu, nitaelewa. Lakini ningependa.

Mjomba wako